Mlevi Naye ni Mgonjwa Wetu
(Hotuba kwa Waislamu wa Cyanzarwe)



Wazee wangu, kina mama, nanyi vijana,

Ninayo aibu moja niliyoificha miaka mingi, na leo naitoa mbele yenu. Baba mmoja alinijia akilia kwa ajili ya mwanawe aliyezama katika kanyanga. Nami, kwa kujiona mjuzi, nalimwambia: "Mfungie chumbani, asionje hata tone." Wakamfungia. Siku ya pili kijana akatetemeka mwili mzima. Usiku wake akashikwa na kifafa, akasema na watu wasiokuwako. Walimbeba kwa machela hadi kituo cha afya, naye akapona kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, si kwa shauri langu. Huko muuguzi akanieleza nisilolijua: mwili uliozoea pombe nyingi kwa muda mrefu, ukikatiwa ghafula bila ya dawa, waweza hata kufa.

Kanyanga ni haramu, na bangi ivukayo mpaka kutoka Kongo ni haramu. Sikuja kulegeza neno hilo. Lakini pombe yenyewe haikuharamishwa kwa siku moja. Hukumu ilishuka kwa daraja, maana Muumba awajua viumbe wake. Na alipoletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) mtu aliyekwisha adhibiwa mara nyingi kwa ulevi, mmoja wa waliokuwapo akamlaani, Mtume akamkataza, akashuhudia ya kuwa mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Sisi je? Twamwita mlevi mbwa, twasita hata kumposa dada yake, kisha twashangaa kwa nini amejificha.

Tiba ipo. Kituo cha afya humpeleka mgonjwa hospitali ya Gisenyi, na ikihitajiwa hupewa barua ya kwenda Kigali, kwenye hospitali ya Ndera iliyoanzishwa 1968, au tawi lake la Icyizere huko Kicukiro, litibulo walioshikwa na ulevi na madawa ya kulevya. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao, tangu 2011, hupewa methadoni pale Muhimbili waachane na heroini, wakainywa kila siku mbele ya muuguzi. (Hiyo si dawa ya kanyanga, msije mkaitafuta.)

Linalotushinda ni njia. Kutoka hapa hadi Kigali ni kiasi cha kilomita 150, na mke ambaye viazi vyake vimekwisha uzwa na mumewe kwa kanyanga, nauli ataitoa wapi? Na anayemuuguza mgonjwa huko atakula nini? Mtu afapo, jumuiya hii hupata fedha za sanda kabla ya adhuhuri. Nawaomba wakubwa wetu, sehemu ya mfuko huo itolewe angali hai: kwanza mituweli ya waliotengwa na jamaa zao, kisha nauli.

Kijana yule yumo humu msikitini leo, simtaji. Daftari la michango analo mweka hazina, naye atakaa barazani baada ya alasiri. Jina langu nimekwisha liandika.

Wassalaam.