Miti Yangu Iliyokufa, na Hesabu Niliyoikuta India

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya mazingira na maendeleo. Ndugu Katibu alinipa kichwa cha hotuba kirefu sana, nami nimekifupisha bila idhini yake. Nitazungumza juu ya India. Niliishi huko miezi kumi tu, kati ya mwaka 1986 na 1987, lakini miezi hiyo ndiyo iliyosahihisha kazi yangu kwa kalamu nyekundu. Naomba nianze na kosa lenyewe.

Nilimaliza hapa Kidato cha Sita mwaka 1974, nikasomea misitu, na mwaka 1979 nikawa Bwana Miti wa tarafa moja kavu yenye vilima vilivyokwisha kuwa vipara. Nilikuwa kijana, nina pikipiki, na nilikuwa na hakika ya kila kitu. Nikaotesha miche elfu sita. Nikaagiza kila kaya ipande sehemu yake kilimani, nikapiga marufuku mbuzi wasikanyage huko, na waliokaidi wakatozwa faini. Kufika kiangazi cha pili hapakuwa na mche uliosimama. Mbuzi walikula, ni kweli. Lakini mingine iling'olewa usiku kwa mikono ya watu, nami nilijua. Katika ripoti yangu niliandika kwamba wananchi wa kijiji hicho hawana mwamko. Sentensi hiyo naikumbuka neno kwa neno, na hadi leo inanipa aibu.

Basi, mwaka 1986 nikapelekwa kwenye mafunzo katika mji wa Dehradun, chini ya milima ya Himalaya. Mji huo unaheshimiwa sana na watu wa misitu. Taasisi yake ya utafiti ilianzishwa tangu mwaka 1906. Mafunzo ya darasani nimekwisha kuyasahau karibu yote. Nisichosahau ni siku tuliyopakiwa kwenye basi tukapelekwa kijiji kiitwacho Sukhomajri.

Habari yenyewe ni hii. Katika mji wa Chandigarh kuna ziwa la kuchimbwa liitwalo Sukhna, lililotengenezwa mwaka 1958. Watu wa mjini walilipenda kwa matembezi ya jioni. Lakini katika miaka kama 15 hivi tope lilikuwa limejaza zaidi ya nusu yake. Wataalamu wa kuhifadhi udongo, wakiongozwa na P. R. Mishra, wakaufuata mto kwenda juu kutafuta tope linatoka wapi. Wakafika kwenye vilima vya Shivalik, na chini ya vilima hivyo ndipo kilipo Sukhomajri, kijiji kidogo cha wafugaji na wakulima maskini. Vilima vilikuwa vimekwanguliwa na mbuzi mpaka udongo ukakosa pa kushika.

Wataalamu wakafanya yale yale niliyoyafanya mimi. Wakapanda miti, wakajenga vizuizi vya kuzuia mmomonyoko, wakawaambia watu waondoe mbuzi. Na watu wakafanya yale yale waliyonifanyia mimi. Kwa nini mwanakijiji amnyime mbuzi wake majani ili bwana wa mjini apate ziwa la kupandia mashua?

Kilichobadili mambo ni bwawa dogo la udongo lililojengwa hapo kijijini mwaka 1976. Lilikusudiwa kuzuia udongo usiende na maji. Lakini maji yalipojaa, wakulima waliona ngano yao ingeweza kunyweshwa, na kwa mara ya kwanza kilima kikawa na maana kwao: tope likishuka, bwawa litajaa na maji yatakwisha. Hapo tu pangetokea balaa jingine, maana wenye mashamba wangefaidi na wasio na ardhi wangebaki kutazama, na hao wasio na ardhi ndio waliotegemea mbuzi zaidi. Basi wakaunda chama cha maji na kukata shauri ambalo mimi nililisikia mara mbili kabla ya kuliamini: kila kaya ipate fungu sawa la maji, hata isiyo na kipande cha shamba. Asiye na shamba aliweza kumwachia mwenziwe fungu lake kwa malipo.

Tangu hapo hakuna aliyehitaji kulinda kilima kwa faini. Walijilinda wenyewe. Mbuzi walipungua, nyati wa maziwa wakaongezeka. Nyasi ndefu ziitwazo bhabbar, zinazosokotwa kamba na kutengenezewa karatasi, zikarudi vilimani, na badala ya kupewa mkandarasi wa nje, haki ya kuzikata ikakodishwa kwa chama cha kijiji. Nilisimama juu ya ukingo wa lile bwawa nikihesabu miche yangu elfu sita. Mimi sikuwahi kumwuliza mtu yeyote kilima kile kilikuwa cha nani.

Nisiwapambie. Miaka ya baadaye Sukhomajri ilipata matatizo: mabwawa yalijaa tope, na kulikuwa na mvutano na idara ya misitu juu ya mgawo wa mapato ya nyasi. Nimelisoma hilo katika jarida la watu wale wale waliokisifu kijiji kwanza, na kwa sababu hiyo nawaamini zaidi. Watu hao ndio nataka vijana mwajue.

Tuliporudi Dehradun nilikwenda maktaba, nikaazima kitabu kikubwa kiitwacho Ripoti ya Wananchi juu ya Hali ya Mazingira ya India. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1982. Lilitolewa na Kituo cha Sayansi na Mazingira cha Delhi, kilichoanzishwa mwaka 1980 na mtu aitwaye Anil Agarwal. Huyu alikuwa mhandisi wa mitambo aliyehitimu Kanpur, akaacha mitambo akaenda kuandika habari za sayansi gazetini. Wazazi wa vijana waliopo hapa wangemwita mtoto wa namna hiyo mpotevu.

Mwaka 1974 Agarwal aliandika habari za wanawake wa kijiji cha Reni, huko huko milimani Himalaya. Mwezi Machi mwaka huo wanaume walikuwa wameitwa mbali kwenda kupokea fidia ya ardhi. Wakataji miti wa mkandarasi wakaja. Gaura Devi na wanawake wenzake, 27 kwa jumla, wakaingia msituni na kusimama kati ya shoka na mti hadi wakataji wakaondoka. Harakati hizo zikaitwa Chipko, yaani kung'ang'ania, kukumbatia. Mwaka mmoja kabla yake, katika wilaya hiyo hiyo, wanakijiji walikuwa wamenyimwa miti michache ya kuchongea majembe ya kulimia, huku kiwanda cha vifaa vya michezo kikipewa kibali cha kuikata. Wakati ule wasomi wengi waliamini kwamba kupenda miti ni anasa ya watu walioshiba. Agarwal alipoona watu maskini kuliko wote ndio wanaoikumbatia, aliona kwamba jambo hilo halikuwa anasa hata kidogo. Kuni, maji, majani ya mifugo, miti ya kujengea: hiyo ndiyo akiba ya maskini, na hakuna benki inayoiandika. Msitu ukikatwa, hesabu za serikali huonyesha mapato yamepanda. Mama anayetembea umbali maradufu kutafuta kuni haonekani katika safu yoyote ya hesabu hizo.

Basi wao wakaanza kuyaandika. Ripoti ile haikutungwa na bwana mmoja ofisini. Wanasayansi, waandishi na watu wa vijijini kutoka pande nyingi za India waliichangia. Ikawa na uzito hata mwaka 1986 Waziri Mkuu Rajiv Gandhi alimwita Agarwal aje kulihutubia baraza lake la mawaziri. Mwandishi wa habari anawafundisha mawaziri! Vijana, yaandikeni hayo kwenye daftari.

Msaidizi wake mkubwa alikuwa Sunita Narain, aliyejiunga naye mwaka 1982 akiwa binti mdogo, na baadaye akaja kukiongoza kituo hicho. Mwaka 1991 wawili hao walitoa kijitabu kidogo kilichozua mjadala mkubwa. Taasisi moja ya utafiti ya Marekani ilikuwa imepanga nchi kwa kiasi cha gesi zinazopasha dunia joto, na India, China na Brazili zikawekwa karibu kabisa na juu ya orodha. Agarwal na Narain wakazichukua takwimu zile zile wakazikokotoa upya, safari hii kwa kuuliza kila mtu mmoja anatoa kiasi gani. Wakauliza pia kama ni haki kuiweka gesi ya methani inayotoka katika jaruba la mpunga la mkulima fukara kwenye kapu moja na moshi wa gari la pili la tajiri. Kwao, moja ni gesi ya kujikimu, nyingine ni ya anasa. Kila mnaposikia leo nchi zetu zikidai haki katika mikutano ya tabia ya nchi, mnasikia mwangwi wa kijitabu kile.

Juu ya moshi wa Delhi nitapita haraka. Mwaka 1996 walitoa kitabu juu ya moshi wa magari wakauita mauaji ya polepole. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mabasi yote ya mji ule yatumie gesi asilia badala ya dizeli. Wenye mabasi walipiga kelele, foleni za gesi zikawa ndefu, lakini kufika mwisho wa mwaka 2002 kazi ilikuwa imekamilika. Hewa ilipata nafuu kwa muda. Kisha magari yakaongezeka, vumbi na moshi wa mabua ya mashambani ukajumlika, na leo Delhi bado ni miongoni mwa miji yenye hewa mbaya kabisa duniani. Agarwal mwenyewe hakuuona mwisho wa kazi ya mabasi. Alifariki kwa saratani tarehe 2 Januari 2002.

Lililo karibu na moyo wangu ni maji. Mwaka 1997 walitoa kitabu juu ya njia za zamani za Wahindi za kuvuna mvua: matangi ya chini ya ardhi katika jangwa la Rajasthan, mabwawa ya vijiji vya Tamil Nadu, na mengine mengi ambayo wakubwa wa kikoloni na wahandisi waliowafuata waliyaona ni ushamba. Agarwal alipenda hesabu moja ambayo mtoto wa Kidato cha Kwanza anaiweza. Mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya hekta moja ni lita milioni moja. Ndiyo, hata jangwani.

Ndugu Mwenyekiti, najua ajenda ya mchana ni mchango wa kuchimba kisima kirefu cha pili, kwa kuwa cha kwanza hukauka kila Septemba. Sipingi. Lakini jana jioni niliomba vijana wanne wa Kidato cha Tatu na kamba, tukapima paa la bwalo hili tulilokaa. Ni mita 30 kwa 12. Daftari la shamba la shule linaonyesha mvua ya milimita 800 hivi kwa mwaka. Hiyo ni lita 288,000. Tukitupa robo kwa uvujaji na uvivu wetu, zinabaki lita 216,000, yaani ndoo 10,800 za lita 20, ambazo kila mwaka tunaziacha zichimbe mtaro kuelekea jikoni.

Mabweni sita bado hatujayapima. Kamba ninayo hapa. Baada ya chai, wenye nguvu wanifuate.