Mzee Akijisahau, Sisi Tusimsahau

Sikukuu ya Familia Takatifu
Masomo: YbS 3:2-6, 12-14, Kol 3:12-21, Lk 2:22-40

Tungali katika furaha ya Noeli, na leo Mama Kanisa anatualika tuitazame nyumba ya Nazareti: Yesu, Maria na Yosefu. Somo la kwanza limetoka katika kitabu cha Yoshua bin Sira, nalo linahusu heshima kwa baba na mama. Mara nyingi tukilisikia somo hili tunawageukia watoto na kuwahimiza waamkie wakubwa na wasikatae wanapotumwa. Ni vema. Lakini sikilizeni tena kwa makini. Bin Sira hasemi na mtoto wa shule ya msingi. Anasema na mtu mzima, mwenye nyumba yake na nguvu zake, ambaye baba yake amezeeka. Tena anautaja udhaifu ambao sisi wenyewe huona haya kuutaja. Anamwambia mtu huyo amvumilie baba yake hata akili zikimpungua, wala asimdharau kwa kuwa yeye bado anazo nguvu zake.

Akili zikimpungua. Juu ya maneno hayo machache ningependa tutafakari leo.

Kidete ni kituo cha Reli ya Kati, baina ya Kilosa na Gulwe, mahali ambapo reli na mto hupita pamoja katika bonde. Wenyeji wa huko wanajua maana ya mvua za majira haya ya Noeli. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yaliikata reli katika eneo hilo, na maelfu ya watu wa wilaya ya Kilosa wakakosa makao. Huko namfahamu mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliutumia katika genge la reli. Alibeba mtaimbo begani, akabadilisha mataruma, akapanga kokoto juani na mvuani, ili watu wasafiri salama hadi Dodoma, Tabora na Kigoma.

Siku hizi mzee huyo amesahau mengi. Nilipokwenda kumpelekea Ekaristi hakuweza kunitajia jina la mjukuu aliyeketi miguuni pake. Lakini nilipomwuliza habari za kazi alinitajia vituo kwa utaratibu, Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe, kama mtu anayesali litania. Na usiku mvua inapoanza kupiga bati, huamka akatafuta viatu vyake na mtaimbo wake, akisema kwa sauti ya hofu kwamba reli imekatika na treni inakuja. Majirani wengine humcheka. Wengine husema amerogwa. Na wapo wanaosema neno baya zaidi, ya kwamba mzee atokaye nje usiku wa manane hatoki bure.

Nilipoagana naye nilikumbuka habari za mtu mwingine, wa nchi ya mbali na wa kazi isiyofanana kabisa na ya reli. Nitawasimulia habari zake, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba maradhi ya namna hii ni ya vijijini kwetu, au ni ya maskini, au ni ya waliorogwa. Mtu huyo hakuwa maskini, wala hakuishi kijijini. Alikuwa mmoja wa wachezaji mashuhuri wa Marekani, na jina lake ni John Mackey.

Wamarekani wana mpira wao, si kandanda yetu hii. Mpira wenyewe una umbo la yai, nao huchezwa zaidi kwa mikono, na timu mbili za watu 11 hukabiliana kwa vishindo vikubwa. Miongoni mwao yupo mchezaji anayesimama mwishoni mwa mstari wa mbele, ambaye nafasi yake huitwa taiti endi. Huyu ana kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuwa ukuta: kuwazuia wapinzani kwa mwili wake ili mwenzake apate njia ya kupita na mpira. Kazi ya pili ni kukimbia mbele na kuudaka mpira yeye mwenyewe. Kwa kazi ya pili hupigiwa makofi. Kwa kazi ya kwanza huambulia maumivu tu, na mara nyingi hakuna amtazamaye.

John Mackey alizaliwa mwaka 1941, mwana wa mchungaji wa Kibaptisti. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Syracuse, na mwaka 1963 akawa mchezaji wa kulipwa wa timu ya Baltimore Colts. Katika siku zile walio wengi waliiona nafasi ile kuwa ya kuzuia tu. Mackey alikuwa mzito na mwenye nguvu, lakini alikimbia kama mtu mwepesi, na alipoushika mpira ilikuwa shida kumwangusha. Januari 1971, katika mchezo wa ubingwa uitwao Super Bowl, aliudaka mpira akatimua mbio hadi mwisho wa uwanja. Bao hilo lilikuwa la yadi 75, na timu yake ikashinda kwa pointi 16 kwa 13. Mwaka 1992 jina lake liliandikwa katika jumba la kumbukumbu la wachezaji bora wa mchezo huo.

Lakini hayo siyo makubwa zaidi aliyoyafanya. Tangu mwaka 1970 Mackey alikuwa rais wa chama cha wachezaji. Aliongoza mgomo wa kudai mafao na pensheni bora, kisha akasimama mahakamani kupinga kanuni iliyowafunga wachezaji wasiweze kuhama timu kwa uhuru, na mwaka 1976 mahakama ya rufani ikakubaliana na wachezaji. Kwa njia hiyo aliendelea kuwa ukuta hata nje ya uwanja: alisimama mbele ili wenzake wapate njia.

Ndugu zangu, mtu huyu alipofika miaka ya sitini hivi akaanza kusahau. Waganga waligundua kwamba ubongo wake unaharibika. Pete zake mbili za heshima, ile ya ubingwa na ile ya jumba la wachezaji bora, hakukubali kuzivua kamwe. Siku moja, kwenye uwanja wa ndege, walinzi walimtaka azivue ili wamkague. Yeye hakuelewa ila jambo moja, kwamba watu wanataka kumnyang'anya pete zake. Akajaribu kuwapita kwa nguvu kama zamani, nao wakamzuia kwa nguvu. Fikirini, wapendwa: uwanja mzima ulikuwa ukisimama kumshangilia, na sasa amebaki mzee mwenye hofu, anayezikumbatia pete mbili kwa sababu ndizo zinazomwambia yeye ni nani.

Pensheni aliyoipata haikutosha gharama za kumtunza. Mke wake, Sylvia, alirudi kazini kuhudumu katika ndege ili wapate bima ya matibabu. Wala hakumficha mumewe. Mwaka 2006 aliandika barua kwa mkuu wa ligi ya mchezo huo, akaeleza wazi jinsi ugonjwa ule unavyomtenda mtu na jinsi unavyoielemea nyumba. Mwaka 2007 ligi na chama cha wachezaji wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia wachezaji wastaafu wenye maradhi ya namna hiyo. Waliuita Mpango wa 88, kwa sababu 88 ndiyo namba aliyoivaa Mackey mgongoni, na ukaweza kulipa hadi dola 88,000 kwa mwaka kwa mgonjwa anayelazwa katika nyumba ya matunzo. Mackey alifariki Julai 2011, akiwa na miaka 69. Baada ya kifo chake wataalamu waliuchunguza ubongo wake, wakakuta madhara ya ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Zile nguvu alizowakingia wenzake ziligharimu akili zake mwenyewe.

Tujifunze nini?

Kwanza, kupungukiwa akili uzeeni ni ugonjwa. Ubongo ni kiungo cha mwili. Kama vile jicho linavyoota mtoto wa jicho na goti linavyokaza, ndivyo na ubongo unavyoweza kuugua. Hakuna aliyemroga John Mackey, na hakuna aliyemroga mzee wetu wa Kidete. Katika baadhi ya mikoa ya nchi yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, pengine kwa sababu ya macho mekundu tu. Macho hayo yalitiwa wekundu na moshi wa kuni, walipokuwa wakiwapikia wale wale waliokuja kuwatuhumu. Mkristo anayenong'ona kisimani kwamba bibi fulani ni mchawi kwa kuwa anatangatanga usiku, huyo anaokota jiwe na kumkabidhi muuaji. Neno hilo litaulizwa siku ya hukumu. Badala ya kumpeleka mzee kwa mpiga ramli, mpelekeni kwenye kituo cha afya.

Pili, heshima kwa mzee ni deni, si sadaka. Tunapompa mzee uji tunajiona wakarimu. La! Tunalipa. Sisi tunaosafiri kwa reli tunapita juu ya migongo ya watu waliobeba mataruma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake, na watu wa reli wakiwemo, walikaa miaka mingi wakingojea mafao yao, na wengine walifariki wakiwa bado wanangoja. Mwajiri anayechelewesha haki ya mstaafu ana dhambi. Lakini hata mwana aliyesomeshwa kwa jasho la baba yake, akapata kazi mjini, kisha akapitisha Noeli ya tatu bila kuja kumwona kwa kisingizio kwamba mzee hanitambui tena, naye pia anazuia mshahara wa mtu. Hakutambui? Wewe je, humtambui?

Tatu, mzigo huu usibebwe na mtu mmoja. Katika nyumba zetu mara nyingi huangukia mabega ya mkwe mmoja au ya binti asiyeolewa. Wengine wote hutoa ushauri. Na mara nyingine familia huona aibu, ikamfungia mzee chumba cha uani ili wageni wasimwone. Mama yule wa Marekani hakumfungia mumewe ndani. Alisema kwa uwazi, na kwa kusema kwake wengi wakasaidiwa. Ndugu makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, nawaomba jambo moja kabla ya mwaka mpya: andikeni majina ya wazee wa jumuiya zenu waliopungukiwa na kumbukumbu, na majina ya wale wanaowatunza. Kisha pangeni zamu. Saa mbili za kukaa na mzee, ili mkwe huyo aende sokoni au kusali Misa, ni tendo la huruma lililo kubwa kuliko tunavyodhani.

Tazameni Injili ya leo. Yosefu na Maria wanaingia hekaluni, na wanaotangulia kumpokea Mtoto ni wazee wawili: Simeoni, ambaye haombi ila kuondoka kwa amani, na Ana, mjane wa miaka 84. Maria angeweza kumkumbatia mwanawe kwa nguvu na kumpita mzee yule asiyemjua. Lakini Simeoni alimpokea Mtoto mikononi mwake, na mikono ile iliyozeeka ikambeba Mwokozi wa ulimwengu. Familia Takatifu ni familia inayowaachia wazee nafasi ya kumshika Mungu.

Nanyi mnajua kwamba kila Dominika tunakusanyika kwa ajili ya ukumbusho. Misa yenyewe ni ukumbusho wa Bwana. Basi Kanisa ni watu wanaokumbuka, na Mungu wetu ni Mungu asiyesahau. Nabii Isaya anatufundisha kwamba hata mama akimsahau mtoto wake anyonyaye, Mungu hatatusahau. Siku mzee atakapolisahau jina lake mwenyewe, jina hilo litakuwa bado linajulikana mbinguni. Lakini hapa duniani Mungu amelikabidhi kwetu tumtunzie.

Namalizia pale nilipoanzia, kule Kidete. Nilimwuliza mkwe wa mzee yule afanyavyo baba mkwe wake anapoamka usiku. Alinijibu kwa upole, "Padre, zamani nilikuwa nikibishana naye. Nilimwambia, Baba, lala, hakuna treni, wewe umestaafu. Akawa analia. Sasa mvua ikipungua nawasha tochi, namvalisha koti, namwambia, Baba, twende tukaikague. Nyumba yetu haiko mbali na reli. Tunafika, namulika, anainama anaishika kwa mkono. Anasema, Nzima. Kisha tunarudi, naye analala mpaka asubuhi."

Ndugu zangu, sijui mahubiri yaliyo bora kuliko hayo kwa sikukuu ya leo. Mama huyo hakusoma vitabu vya elimu ya Mungu. Lakini amekuwa ukuta kwa ajili ya mzee wake, ili apate njia ya kupita kwa amani.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyebebwa mikononi mwa Simeoni, uwatazame wazee wetu waliosahau njia ya nyumbani. Uwatie nguvu wanaowatunza usiku na mchana. Utusamehe sisi tulioona aibu juu yao, na utujalie kuwakumbuka wanapojisahau, ili nawe utukumbuke katika ufalme wako. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!