MJUE MBWA WAKO ANGALI MZIMA

(Mazungumzo ya bwana mifugo mstaafu mbele ya darasa la kisomo)



Mwalimu wenu ameniomba nizungumze nanyi juu ya mbwa. Nilipotaja jambo hili nyumbani, mama watoto alicheka. Alisema, "Watu wana ng'ombe, wana mbuzi, wana kuku. Wewe unakwenda kuwaeleza habari za mbwa?" Lakini nimekuja. Nimekuja kwa sababu ya kidole hiki. Mnaliona kovu hili? Habari zake nitawapa baadaye kidogo.

Kwanza nataka kuuliza. Nani kati yenu ana mbwa nyumbani? Nyosheni mikono. Naona ni karibu darasa zima. Haya, nani anajua mbwa wake alikula nini jana? Mikono imeshuka!

Hivyo ndivyo tulivyo. Ng'ombe tunamtazama kila asubuhi. Akikohoa tunasikia. Asipocheua tunajua. Lakini mbwa tunamkumbuka usiku anapobweka, au siku akiiba nyama. Basi akiugua, hatujui. Huwezi kujua kwamba mbwa amebadilika ikiwa hukujua alivyokuwa kabla.

Sasa, mbwa mzima yukoje? Asubuhi huamka na kujinyoosha. Ukimwita jina lake anakuja, mkia unacheza. Anakula upesi, mpaka unadhani hajala siku tatu. Macho yake ni safi. Manyoya yamelala vizuri. Mfunue mdomo wake pole pole utazame ufizi. Ufizi wa mbwa mzima huwa mwekundu kidogo, kama ulimi wako. Mbwa wengine wana ufizi mweusi kwa rangi yao, hao mtazame kope kwa ndani. Lakini sikilizeni sana: fanya hivyo kwa mbwa wako uliyemzoea, tena akiwa katika hali yake ya siku zote. Mbwa aliyebadilika usimshike mdomo kabisa.

Ufizi ukiwa mweupe, damu imepungua. Mara nyingi walioinywa ni kupe, viroboto na minyoo. Kupe hupenda kukaa ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya shingo. Ukimwona mbwa anatikisa kichwa kila saa, funua sikio. Jambo moja hapa limeua mbwa wengi: mtu anachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, anakadiria kwa jicho, anammwagia mbwa. Mbwa anatetemeka, anatoka povu, anakufa. Kisha tunasema karogwa! Mbwa si ng'ombe. Muulize bwana mifugo dawa ipi na kipimo gani. Vidonge vya watu vya kutuliza maumivu navyo msimpe. Baadhi yake huharibu tumbo na figo za mbwa.

Watoto wa mbwa wenye matumbo makubwa na mbavu zinazohesabika wana minyoo. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu yenye harufu mbaya sana anaumwa ugonjwa mkali wa virusi, na anaweza kufa kwa siku mbili au tatu. Mtenge na wenzake, mpeleke kwa mganga wa mifugo upesi. Mahali alipofia, vijidudu hukaa udongoni miezi mingi. Usilete mtoto wa mbwa mwingine pale kwa haraka. Chanjo yake ipo.

Nataka nikae kidogo kwenye habari ya machinjoni. Tukichinja mbuzi, tukaona kwenye ini au mapafu vifuko vyenye maji, tunafanya nini? Tunakata, tunamtupia mbwa. Tunaona tumefanya hesabu nzuri, hakuna kilichopotea. Kumbe ndani ya vifuko vile mna tegu wachanga. Wanakua tumboni mwa mbwa, wanakuwa wadogo sana, huwaoni. Mayai yao hutoka na kinyesi cha mbwa. Mtoto anacheza uani, anamshika mbwa, analamba vidole, au mboga zinaliwa bila kuoshwa. Ndipo vifuko vile vile vinaanza kukua katika ini au mapafu ya mtu, taratibu, kwa miaka. Wengine hupasuliwa hospitali. Wafugaji wa Turkana huko Kenya wanaufahamu sana ugonjwa huu. Basi ini la namna hiyo chimbieni shimo refu au lichomeni moto. Msimpe mbwa.

Sasa nirudi kwenye kidole changu.

Nilikuwa bwana mifugo wa kata wakati huo. Mbwa wangu aliitwa Bobi. Mwaka ule nilichanja mbwa wa vijiji vyote vya kata yangu, lakini Bobi hakuchanjwa. Siku ya chanjo ya kijiji chetu alikuwa ametoroka na wenzake kwa ajili ya jike. Nikasema nitamchanja kesho. Mnazijua kesho za namna hiyo.

Siku moja Bobi hakuja nilipomwita. Alijificha chini ya kihenge. Nilidhani amepigwa. Siku ya pili alibweka, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya kukwaruza, inaanza kama kubweka na kuishia kama kulia. Ugali wake hakuugusa, ila alitafuna kipande cha kuni. Siku ya tatu taya la chini lilikuwa linaning'inia na mate yanatoka. Mama yangu mzazi akasema, "Huyu amekwamwa na mfupa."

Na mimi, ndugu zangu, mtu niliyesomea kazi hii, nikaitikia. Nikamwambia mwanangu ashike kichwa, nikaingiza mkono mdomoni kutafuta mfupa. Hakuniuma. Jino lilinikwaruza tu hapa kidoleni. Mfupa haukuwapo.

Usiku nilipolala ndipo nilipokumbuka nilichofundishwa. Nilikaa kitandani nikaanza kuhesabu: kujificha, sauti, kula kuni, taya, mate. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yangu kwa siku tatu.

Watu wengi wanafikiri kichaa cha mbwa ni lazima mbwa akimbie huku na huku akiuma kila anachokutana nacho. Wapo wa hivyo. Lakini wapo wanaokuwa wapole, wamelegea, wanajificha gizani, koo limepooza hawawezi kumeza. Mbwa mkali anaweza kugeuka mpole ghafla, na mpole akageuka mkali. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa wa kichaa naye hufanana na aliyekwamwa, anatoka mate na kulia kwa sauti mbaya, na sisi tunaingiza mkono. Msiingize mkono!

Nilichofanya usiku ule ni kuosha kidole kwa maji na sabuni. Nilikuwa nimechelewa, lakini niliosha. Ninyi msichelewe. Mtu akiumwa, akikwaruzwa, au akilambwa na mbwa wa mashaka penye kidonda, osheni hapo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, mtaona mmeosha vya kutosha kumbe bado. Ugonjwa huu hukaa kwenye mate, na sabuni huua virusi vyake. Msipake mafuta, wala tumbaku, wala pilipili. Jiwe la nyoka liacheni. Kisha nendeni hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo kama changu.

Alfajiri mimi na mwanangu tulikwenda zahanati. Dawa haikuwapo. Tukaenda hospitali nyingine, tukapata, na niliuza mtamba mmoja kulipia sindano zetu wawili. Siwaambii ili mwogope gharama. Nawaambia mjue kwamba kabla ya kufunga safari ni vizuri kuuliza dawa iko wapi, maana siku zinahesabika. Wengine bado wanaogopa kwa sababu wazee walisimulia sindano nyingi za tumboni. Hizo ni za zamani. Siku hizi ni sindano chache, na mtu mzima huchomwa begani. Utapewa tarehe zake. Usiruke hata moja eti kidonda kimepona. Kidonda kupona si kitu. Ugonjwa unaweza kukaa kimya mwilini kwa wiki kadhaa au miezi, na pengine hata mwaka, ukipanda pole pole kwenda kwenye ubongo. Mtu akianza kuogopa maji, sindano haziwezi kumwokoa tena.

Bobi alikufa siku ya nne. Kichwa kilipelekwa kupimwa. Jibu lilikuwa kichaa.

Mbwa akimuma mtu, desturi yetu ni kumpiga mawe mpaka kichwa kinavunjika. Kama ni mbwa anayejulikana na anaweza kufungwa bila hatari, afungwe, atazamwe siku 10. Akiwa na kichaa, kwa kawaida siku hizo hazipiti hajaugua au kufa. Lakini aliyeumwa asisubiri hizo siku 10 nyumbani. Anaanza sindano, na mbwa akibaki mzima daktari ataamua. Kama ni mbwa wa kuzurura au amekwisha kuugua, mwiteni bwana mifugo. Akiuawa, kichwa kisipondwe, maana ubongo ndio unaopimwa. Wala msiguse mate.

Lakini nitakuwa nimemsingizia mbwa nisiposema kwamba wengi wanaouma hawana kichaa. Wameudhiwa. Mbwa anayefungwa mnyororo mfupi jua likiwa kali, bila maji, kuanzia asubuhi mpaka jioni, atamrukia hata mwenye mji. Nimeona watu wakimpa pilipili eti awe mkali! Ukali wa namna hiyo hauchagui mwizi na mtoto. Jike mwenye watoto, mbwa anayekula, mbwa aliyelala, hao waacheni. Naye hutoa taarifa kabla ya kuuma: anakakamaa, manyoya ya mgongoni yanasimama, anaonyesha meno, anaunguruma. Mfundisheni mtoto asikimbie. Asimame kama mti, mikono chini, asimkazie macho. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Na mtoto mara nyingi hasemi, anaogopa kupigwa kwa kumchokoza mbwa wa jirani. Mtoto akisema, msimpige. Mtamfunga mdomo kwa mara nyingine.

Kuhusu chanjo, hesabu ni hii. Katika kila mbwa 100, tukichanja 70 kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba walichanja hivyo, na mwaka 2014 kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikaingizwa tena, wakarudia chanjo, na kufikia mwisho wa 2018 kikatoweka mara ya pili. Sasa ninyi mkileta mbwa wakubwa tu mkaacha wadogo nyumbani, 70 hawatimii. Watoto wa mbwa nao leteni, hata wakiwa kwenye kikapu.

Mama mmoja pale nyuma ananyosha mkono. Anasema mbwa wake hajawahi kufungwa kamba, atamletaje? Swali zuri. Anza leo. Mvalishe kamba wakati wa kula, dakika chache, uiondoe. Kesho tena. Baada ya wiki atakufuata. Siku yenyewe mlete wewe mwenyewe au mtu mzima, si mtoto wa miaka saba anayeburutwa na mbwa wanne, maana pale mbwa hupigana.

Na mkipewa kadi, msiiweke tu darini. Mmejifunza kusoma. Kadi ina jina la mbwa, rangi yake, tarehe ya kuchanjwa na tarehe ya kurudia. Isomeni tarehe ile ya mwisho, muiandike ukutani kwa mkaa, karibu na mlango. Mimi kwangu imeandikwa. Mbwa niliye naye sasa anaitwa Kesho.

Haya, nani mwingine ana swali?