Mto Ruvu Una Haki Gani?



Maji tunayokinga hapa Kariakoo yametoka mbali. Hushuka milima ya Uluguru kwa mto Ruvu, ndipo mitambo ya Ruvu Juu, iliyoanza mwaka 1959, na Ruvu Chini, ya mwaka 1976, ikayasukuma hadi jijini. Katika mto huohuo huishi kambale na perege. Wao hawajui mpaka wa wilaya: msitu ukifyekwa huko juu, tope huwafikia huku chini.

Kwa sababu hiyo nchi yetu hupanga maji yake kwa mabonde tisa, si kwa mikoa. Sisi tumo katika Bonde la Wami/Ruvu pamoja na mkulima wa Uluguru. (Msimbazi nao, tunaoutupia taka pale Jangwani, umo humohumo.) Wataalamu hupima kina na kasi ya maji kila msimu, wakiuliza samaki huzaa lini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 huweka kwanza mahitaji ya binadamu, pili maji ya kuuhifadhi uhai wa mto, kisha matumizi mengine.

Lakini mwaka 2022 ukame ulipoleta mgao, tulizungumzia ndoo zetu tu. Mwenye ghorofa alikuwa na kisima; mpangaji wa chumba kimoja hakuwa nacho. Kuhusu mto hatukuuliza neno.

Basi tunaomba kila jumuiya ndogondogo ijadili: ukame ukirudi, kiasi gani kibaki mtoni, na nani apunguziwe kwanza?