Mafuta Yakimwagika, Nani Alipe?

Leo tuko Kisenyi, Kampala, mtaa wa gereji na biashara ambako wakimbizi wengi wanatafuta riziki. Oili chafu ikimwagwa mtaroni hapa, mvua huisukuma hadi mfereji wa Nakivubo, kisha Ziwa Victoria, ambako jiji linachota maji ya kunywa.

Nawe uliye Kyangwali, wilayani Kikuube, una visima vya mafuta vya Kingfisher katika wilaya hiyo hiyo. Basi, yakimwagika, nani alipe?

Sheria ya mafuta ya mwaka 2013 inasema kampuni yenye leseni italipa hasara ya uchafuzi, hata kama haikukosea. Sheria ya Mazingira ya 2019 nayo inasema anayechafua ndiye anayelipa.

Sasa sikiliza vizuri. Katiba ya 1995, ibara ya 39, inampa raia wa Uganda haki ya mazingira safi. Sheria ya 2019 inampa haki hiyo kila mtu aliye Uganda. Mkimbizi ni mtu. Una haki ya kulalamika, hata kwenda mahakamani.

Ukiona mafuta yamemwagika, kaa mbali, usiwashe moto, na usichote maji hapo. Andika tarehe, saa na mahali. Tafuta mashahidi. Mweleze mwenyekiti wa LC1 au kiongozi wenu wa wakimbizi, taarifa ifike NEMA.

Na wewe fundi, oili weka kwenye pipa. Sheria inayokulinda inakubana pia.