Lenzi ndefu na vifaru wa Meru

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vijana wapiga picha wa Meru na Embu)



Mpiga picha wa harusi na ruracio huizoea lenzi ya milimita 50. Akiingia nayo Mbuga ya Kitaifa ya Meru, kifaru hutokea pichani kama jiwe jeusi kwenye nyasi, na hapo hishi kumwambia dereva asogee. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linataka gari libaki mita 20 au zaidi kutoka kwa mnyama, lisiache barabara, na abiria wasishuke. Kwa kifaru, hata mita 20 ni karibu mno. Haoni vizuri, na akishtuka hukimbia zaidi ya kilomita 40 kwa saa.

Lenzi ndefu humleta karibu bila gari kusogea. Kwenye kamera yenye kihisi cha upana wa milimita 36, lenzi ya milimita 300 ikielekezwa mita 40 mbele huona upana wa karibu mita 5. Kifaru wa mita 3 hivi huenea vizuri hapo. Ile ya 50 huona karibu mita 29.

Dukani zipo za aina mbili. Zumu huvuta na kurudisha. Praimu haivuti: ya 300 ni 300 tu. Faida ya praimu ni mwanga. Yenye f/2.8 hupokea mwanga mara nne ya zumu iliyofunguka f/5.6 pekee, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnyama anaporudi kichakani, hiyo huamua kama picha itakuwa kali au itatoka ukungu. Lakini bei! Praimu mpya ya 400 yenye f/2.8 hupita shilingi milioni moja, na uzito wake ni karibu kilo 3. Mkopo wa sacco usiende huko. Nairobi kuna maduka yanayokodisha kwa siku, na 300 ya f/4 iliyotumika yatosha kuanzia, ingawa kwa ndege wadogo kando ya bwawa la Kamburu, katika Hifadhi ya Kitaifa ya Mwea, bado itaonekana fupi.

Tripodi haina nafasi ndani ya gari. Mfuko wa ndengu za Mbeere juu ya dirisha hushika lenzi imara. Kasi isishuke chini ya sehemu moja ya 300 ya sekunde. Saa sita mchana joto hutikisa hewa, na hakuna lenzi inayoliponya hilo.

Kuna jambo zito zaidi. Novemba 1988 majangili waliwaua vifaru weupe watano ndani ya mbuga hiyo, ingawa walikuwa na walinzi. Leo vifaru weusi na weupe hukaa katika eneo maalumu lenye ua, chini ya ulinzi. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa hivyo kipengele hicho kizimwe kabla ya kuingia langoni. Lenzi ndefu nayo ina hatari yake: huikuza milima ya nyuma. Vilele vya Nyambene vikionekana mgongoni mwa kifaru, anayelijua eneo hukadiria aliposimama. Picha ya namna hiyo ipigwe upande mwingine, au ikae wiki kadhaa kabla ya kuwekwa Facebook, na maelezo yake yaseme “Meru” tu.