Balozi Aliyeacha Kazi



Jioni hii nataka kuwasimulia habari za mtu aliyekuwa mtumishi wa serikali kama sisi, ijapokuwa cheo chake kilikuwa kikubwa: Friedrich Wilhelm von Prittwitz und Gaffron, balozi wa Ujerumani mjini Washington.

Aliingia kazi ya mambo ya nchi za nje mwaka 1908, na mwaka 1927, baada ya kutumika Roma, akateuliwa kwenda Marekani. Nchi yake ilikuwa imeshindwa vita, ina madeni, wala haikuaminiwa. Kazi yake ilikuwa kuirudisha imani hiyo. Mwezi wa Mei 1928 alitia sahihi mkataba pamoja na Bwana Kellogg, waziri wa Marekani, kwamba magomvi ya nchi hizo mbili yapelekwe mbele ya waamuzi.

Mwezi wa Januari 1933 Hitler akashika serikali. Mwezi wa Machi Prittwitz akaandika barua ya kuacha kazi, naye ana umri wa miaka 48. Katika mabalozi wa Ujerumani hakuna mwingine aliyefanya hivyo kwa sababu hiyo. Si kwamba wote walimpenda Hitler. Wengi walijiambia kuwa serikali hupita, bali ofisi hudumu. Maneno hayo sisi makarani tunayajua sana.

Mmoja wa waliobaki ni Ernst von Weizsäcker, ambaye baadaye alisema alibaki ili azuie vita. Mwaka 1938 akawa mkuu wa watumishi wote chini ya waziri. Mwezi wa Machi 1942 ililetwa mezani pake rasimu ya jibu juu ya Wayahudi 6,000 wa kupelekwa Auschwitz kutoka Ufaransa. Rasimu ilisema ofisi haina wasiwasi. Akabadili neno, ikasomeka kuwa ofisi haina pingamizi, akaipitisha. Mwaka 1949 mahakama ya Nuremberg ilimhukumu kifungo.

Kiti cha Prittwitz kilipewa Hans Luther mwaka ule ule wa 1933, na barua yake haikuzuia lolote. Alikaa kimya hata vita vikaisha, kisha akawa mjumbe katika baraza la Bavaria, akafa mwaka 1955.

Mimi nina watoto wanne na karo ya shule, wala siwezi kuapa kwamba ningaliandika barua ile. Nangoja maswali yenu, mabwana.